Ngoma ya Udongo ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na majungu kama sisi tu... Sogeeni karibu, mimi sipigi kelele. Na wewe acha kumfinya mwenzio! Hapo zamani za kale paliishi Nguchiro.

Nguchiro mnamjua? Kinyama chembamba, kirefu, chenye mkia, kisichojua kutulia. Akikaa, mguu unacheza. Akila, macho yako mlangoni. Leo anajifunza kuruka kamba, kesho anajifunza kutembea kwa mikono, keshokutwa kupiga kichwangomba. Na akianguka, anajicheka mpaka anashika mbavu.

"Mama watoto, utatulia lini wewe?" majirani humuuliza.

"Nikifa!" anajibu, naye kashaondoka.

Alikuwa na watoto wanne na kijumba cha udongo pembeni mwa kijiji. Mkuu wa kijiji hicho alikuwa Kifaru. Ukuu wenyewe alikuwa ameupata juzijuzi tu, baada ya Mzee Tembo kuhamia kwa wajukuu zake ng'ambo ya mto. Kifaru bwana! Kifua hiki, pembe hii, hasira usiseme. Macho tu ndiyo hayakuwa mazima. Kitu kikiwa mbali kidogo, kwake ni ukungu mtupu, na hakutaka mtu ajue.

Sasa siku moja Kifaru alikuwa akipita njia, mgongo ukamuwasha. Akatafuta pa kujikunia, akaiona kona ya nyumba ya Nguchiro. Akauegemeza mgongo pale. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Aaah, hapo hapo," akasema amefumba macho.

Kra! Fito zikalia. Nyumba ikayumba huku, ikayumba huku. Puuuu! Chini yote. Bahati watoto walikuwa nje.

Nguchiro alitoka mbio kisimani. "Mzee! Nyumba yangu!"

"Nyumba gani hii isiyostahimili mtu kujikuna?" Kifaru akasema huku akijikung'uta vumbi. "Umejenga vibaya."

"Na mvua hiyo inakuja, Mzee. Wanangu nitawalaza wapi?"

"Jenga tena." Akaenda zake, hata pole hakusema.

Kujenga tena! Haya, niwaulize nyinyi mnaokaa nyumba za bati na saruji: mnajua kukandika? Fito unaweza kuzisimamisha na kuzifunga peke yako. Nguchiro alizifunga, na paa la nyasi akaliweka. Lakini udongo! Udongo unachimbwa shimoni, unamwagiwa maji, unatiwa majani makavu, halafu unakanyagwa, unakanyagwa, unakanyagwa mpaka unalainika kama ugali. Usipokanyagwa sawasawa, ukikauka ukutani unapasuka wote. Ndiyo maana watu huitana: leo kwangu, kesho kwako.

Lakini safari hii hapakuwa na wa kuitwa. Kifaru alikuwa amewachukua wanyama wote kung'oa visiki katika shamba lake, asubuhi mpaka jua linazama. Asiyekwenda hapewi mbegu.

Basi Nguchiro, potelea mbali mbegu, akaingia shimoni peke yake. Tapu tapu tapu tapu! Viguu vile! Alikanyaga asubuhi nzima, udongo unamtazama tu. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya kilima. Akakaa ukingoni mwa shimo, na kwa mara ya kwanza miguu yake ikatulia. Akalia.

Akiwa analia akasikia: tii, tii, tii. Ni Kifaru. Anakuja huku akigeukageuka nyuma kama mwizi wa kuku.

"Nguchiro. Uko peke yako?"

Nguchiro akafuta machozi haraka. "Niko na wanangu tu. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Eti nasikia unajua kucheza ngoma."

"Kidogo, Mzee."

Kifaru akageuka nyuma tena. "Siku ya Mbegu imekaribia."

Nguchiro akaelewa. Katika kijiji kile, mbegu hazitolewi ghalani mpaka mkuu wa kijiji acheze mbele ya watu wote. Asipocheza, hakuna kupanda, na msipopanda mtakula nini? Mzee Tembo alikuwa akicheza mpaka bibi vizee wanatupa mikongojo. Na Kifaru, tangu azaliwe, hajawahi hata kutikisa sikio kwa kufuata ngoma.

"Sijui hata unaanza na mguu gani," Kifaru akanong'ona. "Nikikosea watanicheka. Na mimi nikichekwa, Nguchiro, sijui nitafanya nini. Nitahama usiku huo huo. Sasa nifundishe. Na ukimwambia mtu, utahama wewe na wanao!"

Nguchiro akaitazama ile miguu. Minne, kila mmoja kama kinu. Akalitazama shimo la udongo. Akaitazama miguu tena. Moyo ukamruka.

"Mzee, umekuja mahali penyewe! Ngoma haifunzwi pakavu hata siku moja. Pakavu ukianguka unavunjika, na kishindo kinasikika hadi shambani. Ngoma hufunzwa kwenye udongo. Mguu mzito ukizoea kuchomoka kwenye udongo, siku yenyewe pakavu utaruka wenyewe."

Na hapo wala hakudanganya sana. Ndiyo ubaya wa watu wajanja.

"Kweli?" Kifaru akauliza.

"Muulize Mzee Tembo," akasema Nguchiro, kwa kuwa alijua Tembo yuko mbali.

Kifaru akaingia. Chubwiii! Udongo ukamfika magotini.

"Mguu wa kulia! Kushoto! Kulia kulia, zunguka! Kushoto kushoto, chuchumaa! Ruka!" Nguchiro akacheza ukingoni, huyoooo, kama cheche ya moto.

"Ngoja! Ngoja kwanza! Wa kulia ni upi?"

"Huo! Siyo huo! Ule! Zunguka!"

Kifaru akazunguka, mguu wa mbele ukaenda kwao na wa nyuma ukaenda kwao. Pwaaa! Akaanguka kifudifudi, pembe ikazama yote.

Halafu, kutoka nyuma ya fito, kitinda mimba wa Nguchiro akashindwa kujizuia. "Kwi kwi kwi kwi!"

Kifaru akainua kichwa, udongo unamtiririka puani. Macho mekundu. "NANI ANACHEKA?"

Nguchiro aliingiwa na hofu. Hapa nyumba imekwenda, mtoto amekwenda, kila kitu kimekwenda. Akafanya lililomjia kwanza: akajirusha shimoni, kichwa chini miguu juu. Pwaa! Akaibuka mweusi tii, akaanza kujicheka. "Ha ha haaa! Nitazame mimi! Mwalimu mzima! Na wewe cheka, Mzee! Ndiyo kanuni ya ngoma hii. Anayeanguka akanuna, anaanza upya. Anayeanguka akacheka, anaendelea pale alipofika."

"Nicheke nini?"

"Pua yako, Mzee. Imeota udongo kama kichuguu."

Kifaru akaipapasa pua. Akajaribu. "Hm." Akajaribu tena. "Hm. Hm. Hi." Kilikuwa kitu kama kikohozi cha ng'ombe, lakini kicheko kilikuwemo humo ndani.

"Umeanza vizuri! Tuendelee."

Na Nguchiro naye akagundua kosa lake. Yeye hufundisha kama anavyokimbia. Mwanafunzi akiwa mguu wa kwanza, mwalimu kashafika wa nne! Ilimuuma kwenda polepole, nawaambia, ngozi yote ilimwasha. Lakini aliyatazama mawingu, akawatazama wanawe, akajishika mkia ili atulie. "Mguu wa kulia, Mzee. Basi. Huo huo tu mpaka uujue."

Tifu. Tifu. Tifu. Udongo ukaanza kulainika.

Kesho yake mchana, wenzake wako shambani, Kifaru huyo. "Leo mwanafunzi anakuja na maji," akaambiwa. "Udongo ukikauka mguu unakuwa mvivu." Akaleta mitungi ya maji. Siku nyingine akaambiwa alete majani makavu, asije akateleza. Akaleta mzigo mzima. Tifu tifu, zunguka! Tifu tifu, chuchumaa! Anaanguka pwaa, anacheka. Mara nyingine anacheka kabla hajaanguka. Kitinda mimba wa Nguchiro sasa anakaa juu ya bega lake akimhesabia mapigo.

Udongo ukalainika kama ugali. Lakini nani ataupandisha ukutani? Nguchiro na wanawe walikuwa wameanza kubandika vitonge, mawingu nayo hayangoji mtu.

"Mzee," akasema siku hiyo, "miguu sasa iko sawa. Tatizo lako ni shingo."

"Shingo yangu ina nini?"

"Imekakamaa kama mchi. Ngoma ni shingo! Chota udongo kwa pembe, halafu irushe shingo, hop! Utupe pale mbele."

"Pale mbele kuna nini? Mimi naona ukungu... naona vizuri, lakini kuna nini?"

"Shabaha tu, Mzee."

Kifaru akachota. Hop! Pwaa! Udongo ukabandikana kwenye fito, kila tonge na mfuo wa pembe. Hop! Pwaa! Hop! Pwaa! Watoto wakawa wanapita nyuma wakilainisha kwa viganja, juu wasifike, wamejiziba midomo kicheko kisiwatoke. Nguchiro alicheka kwa nje huku kwa ndani anawaza: Akisogea hatua mbili tu, akaona ukuta, ataniua. Hakusogea. Alikuwa na raha zake. Jua likawaka siku chache za mwisho, nyumba ikakauka vizuri, wala hakuna ufa.

Siku ya Mbegu ikafika, mawingu meusi yakiwa yameinama juu ya kijiji. Wanyama wote mbele ya ghala. Ngoma zikalia: dundu, dundu, dundu! Kifaru akasimama katikati. Nguchiro alikuwa mstari wa mbele, hawezi kusimama, hawezi kukaa.

"Mguu wa kulia," akanong'ona. "Huo huo tu."

Tifu. Kifaru akaanza. Tifu tifu, akazunguka. Watu wakatazamana. Tifu tifu, akachuchumaa, akaruka! Miguu iliyozoea udongo ikawa haishikiki. Vigelegele! Mara shingo nayo: hop! Hop! Bibi Kobe akatupa mkongojo.

Katikati ya shangwe, Ngiri, mpambe wa Kifaru, akapenya mkia juu, pumzi juu. "Simamisheni ngoma! Mzee, umechezewa! Mimi nimetoka kwa Nguchiro sasa hivi. Ile nyumba yake mpya, ukutani kuna alama za pembe yako, na shimoni nyayo zako! Ulikuwa unakanyagishwa udongo, Mzee! Umemkandikia nyumba huyu mwanamke!"

Ngoma zikakatika.

Kifaru akaenda mpaka nyumbani kwa Nguchiro, kijiji kizima nyuma yake. Nguchiro alitangulia mbio, akasimama mlangoni kwake, watoto ndani. Kifaru akasogeza pua mpaka ikagusa ukuta. Akaunusa. Akaziona zile alama, moja, nyingine, nyingine.

"Nguchiro."

"Naam, Mzee."

"Nyumba hii nani kaikandika?"

Nguchiro alikuwa na uongo tayari mdomoni, tena mzuri. Akaumeza. "Wewe, Mzee. Uliiangusha ukaniambia nijenge tena, na mimi miguu yangu haitoshi. Ngoma nimekufundisha kweli, lakini na udongo umenikanyagia kweli. Ukitaka kuibomoa, watoto watoke kwanza."

Bega likamtikisika Kifaru. Ngiri akarudi nyuma, akijua sasa pembe inafanya kazi. Bega la pili likatikisika. Kisha kicheko kikatoka, siyo "hm" tena. "Ha! Ha ha! Ha ha haaaaa! Na ile shingo! Jamani, shabaha! Nami nilikuwa najiuliza mbona shabaha ni kubwa hivi! Ha ha haaa!" Akakaa chini kwa kishindo, machozi yanamtoka. Kijiji kikaogopa, kikachungulia, kikaona ni kicheko kweli. Ndipo wote wakacheka, naye hakuhama wala hakumhamisha mtu. "Toeni mbegu!" akasema. "Kila nyumba! Na visiki vyangu nitang'oa mwenyewe."

Akajifuta macho, akamgeukia Ngiri. "Na wewe, unajua kucheza?"

"Mimi? Aa, sijui, Mzee."

"Lione! Mpambe wa mkuu, hajui kucheza!" Kifaru akamshika bega kwa upole, akamsogeza hadi kwenye shimo la udongo. Akamnong'oneza Nguchiro sikioni: "Jiko lako nimeona lina paa tu, halina kuta." Halafu akapaza sauti: "Haya, Ngiri, ingia! Ngoma haifunzwi pakavu! Mguu wa kulia!"

Pwaaa!

"Cheka, Ngiri! Cheka, la sivyo unaanza upya!"

Mmesikia? Anayetaka kujifunza jambo jipya akubali kuchekwa, na wa kwanza kumcheka awe yeye mwenyewe.