Mkate Ambao Taisia Hakuuoka

Wapendwa katika Bwana, wazee wetu wa imani walitusimulia habari za Taisia, mjane mcha Mungu wa mji mmoja mdogo kando ya Mto Nile, zama zile kanisa lingali changa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akioka mkate wa sadaka, ule wa Meza ya Bwana. Alifunga kabla ya kukanda unga, wala neno la upuuzi halikumtoka kinywani mpaka mkate uive.

Mwaka mmoja mto haukufurika kuyanywesha mashamba, na mavuno yakawa haba. Harmoni, tajiri mwenye mashamba, akatuma watu wake wakakomba ngano yote ya wakulima wake, hata mbegu. Siku tatu kabla ya Pasaka, gunia la ngano hiyo likashushwa mlangoni kwa Taisia: zawadi ya Harmoni kwa kanisa.

Taisia alilitambua gunia lile kwa kiraka chake chekundu. Lilikuwa la jirani yake Sofronia, ambaye juma lililopita alimzika mwanawe mchanga baada ya maziwa kumkauka kifuani. Hakuligusa. Akaenda kwa kasisi, Baba Paisio.

"Baba, siwezi kuioka ngano hii. Ina wenyewe, nao wana njaa."

"Mama Taisia," kasisi akajibu, macho chini, "Harmoni ndiye aliyetuezekea kanisa. Tukimrudishia sadaka yake, tutasali wapi?"

"Na Sofronia ale nini?"

Kasisi akaagiza gunia apewe mwanamke mwingine, na mkate ukaokwa.

Siku ya Pasaka wakulima walikuja kanisani kudai ngano yao, walinzi wa Harmoni wakawazuia mlangoni. Taisia akasimama nje pamoja nao. Wanawake aliosali nao miaka yote walimpita wakikusanya nguo zao wasimguse. "Kiburi tu," mmoja akasema, na neno hilo likamchoma. Ndani wakaimba kwamba Kristo amefufuka. Naye alijaribu kuimba, asiweze.

Ibada ilipokwisha, Baba Paisio alitoka na kipande cha mkate katika kitambaa cheupe.

"Nimekuwekea, Mama. Usiukose Mwili wa Bwana siku kama ya leo."

Taisia hakuwahi kuukosa tangu abatizwe. Machozi yakamlengalenga.

"Na hawa, Baba, umewawekea?"

Kasisi akawatazama wale watu, zaidi ya arobaini. Akarudi ndani na kile kipande chake.

Harmoni hakurudisha hata kibaba kimoja. Sofronia alikufa kabla mto haujajaa tena, na Taisia hakuitwa kuoka maisha yake yote. Baba Paisio aliungama kosa lake mbele ya kanisa zima, lakini baada ya miaka tisa, waliodhulumiwa walipokwisha kutawanyika, na hapakuwa na wa kumsamehe.

Ndugu zangu, Pasaka ile Kristo alikuwa upande gani wa mlango? Kila mmoja wetu ajijibu kabla hajanyoosha mkono kupokea.