Fedha za Ng'ombe wa Kasiano

Katika nyanda za juu za Ufipa alikuwepo mtu aitwaye Kasiano, mwenye ng'ombe wengi, asiyedaiwa na mtu yeyote. Hata chumvi alinunua kwa keshi, na keshi ikikosekana alikula mboga bila chumvi. Mdogo wake, Gaudensi, alidaiwa mpaka na muuza maandazi. Ndugu hawa waliishi na wake zao kwenye shamba la marehemu baba yao, na hati ya shamba iliandikwa jina la Gaudensi, kwa sababu kwao kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Hakuna aliyeona tatizo. Shamba ni letu sote, walisema, karatasi ni karatasi tu.

Mwaka mmoja Kasiano alichoka na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Akauza ng'ombe wake mnadani, wote, akajaza fedha kwenye mfuko wa mbolea, akaenda mjini kununua trekta. Muuzaji akautazama mfuko, akazitazama ndala za mteja, akamtazama usoni kama mtu anayetafuta alama ya mwizi. Akasema siku hizi fedha nyingi namna hiyo hazipokelewi mkononi. Zipite benki kwanza, zikatakate. Kasiano hakuelewa ni uchafu gani ulioziingia fedha zake kati ya mnadani na dukani, lakini alikuwa mtu mtii. Akaenda benki.

Benki, binti wa dirishani akamuuliza source of income, yaani fedha zimetoka wapi. Kasiano akasema ng'ombe. Binti akatafuta kwenye kompyuta, akamwambia kwa upole kwamba mle ndani kuna mshahara na kuna biashara, ng'ombe hakuna. Akamwandika "nyinginezo". Fedha zikapokelewa, kupokea hakujawahi kuwashinda. Ila kuzitoa, akaambiwa, mpaka alete barua ya ofisi ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba ng'ombe walikuwa wake. Mtendaji naye akasema hawezi kuandika barua ya ng'ombe ambao hajawaona, awalete awahesabu. Ng'ombe walikuwa wameshakuwa supu. Kasiano akarudi benki, akauliza watu watatu, akapata majibu matatu. Wa mwisho alimpigapiga begani akisema your funds are very safe, mzee. Katika maneno yote hayo alielewa "mzee".

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo hata mimi huchanganyikiwa. Wiki hiyohiyo Gaudensi aliingia benki ileile mikono mitupu, na hati ya shamba kwapani. Akapewa kiti chenye mto. Akapewa maji ya chupa. Hakuulizwa fedha alipata wapi kwa kuwa hakuwa nazo; aliulizwa anataka ngapi. Kompyuta ilimfahamu vizuri, maana mikopo yake yote ya kwenye simu ilikuwa imeandikwa humo, huyu anakopa huku analipa kule. Kasiano hakuonekana popote. Mtu ambaye hajawahi kukopa, kwenye kompyuta ile, ni kama hajazaliwa. Basi mdogo mtu akasaini, akaambiwa congratulations, akaenda dukani akachukua trekta lilelile ambalo kaka yake alikuwa amelipapasa matairi.

Na benki haina zizi wala shamba. Alichokopeshwa Gaudensi kilitoka kwenye fungu la akiba za wateja, na ndani ya fungu hilo ndimo zilimolala fedha za Kasiano, very safe. Kama nimekosea, wenye shahada za uchumi wanisahihishe. Wapo wengi vijiweni, na muda wanao.

Mvua zikaanza. Kasiano hakuwa na ng'ombe wa kukokota jembe, hakuwa na fedha mkononi, kwa hiyo akakodi trekta la mdogo wake kwa ahadi ya magunia baada ya mavuno. Gaudensi alimtania kwamba kwa kuwa ni kaka, hatamdai barua ya mtendaji. Wakacheka wote wawili. Lilikuwa deni la kwanza la Kasiano maishani, na alilala nalo vibaya.

Mavuno yakawa mazuri, na hilo likawa balaa, kwani kila mtu alivuna na bei ya mahindi ikaporomoka. Gaudensi akakosa rejesho la kwanza, akakosa la pili. Watu wa benki wakaja kuchukua trekta, wakaliuza kwa bei ya chuma chakavu, haikutosha. Wakaja tena na rangi nyekundu, wakachora kwenye ukuta wa nyumba ya wazazi kwamba shamba litapigwa mnada, nyumba ikiwemo, na makaburi yaliyo nyuma ya nyumba yakiwemo.

Siku chache kabla ya mnada, Kasiano akapigiwa simu. Fedha zake zimehakikiwa. Ni safi kabisa, azitumie apendavyo.

Akazitumia. Alisimama mbele ya dalali, akapandisha bei dhidi ya mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyetaka eneo la kujenga godauni, akapandisha mpaka yule akakunja mwavuli wake na kuondoka. Zikaisha zote. Fedha hazikutoka hata nje ya jengo la benki. Zilihama kutoka ukurasa wake kwenda ukurasa wa deni la Gaudensi. Meneja akampa mkono. Akampa mkono na Gaudensi pia, akamwambia deni limefutika, jina lake limesafishika, akihitaji mkopo mwingine mlango uko wazi.

Kasiano alirudi nyumbani na hati mpya yenye jina lake. Mkewe, Anjela, aliipokea, akaisoma yote, mbele na nyuma, kisha akamuuliza taratibu: "Baba Sesilia, kwa hiyo tumeuza ng'ombe wetu wote tukanunua shamba tulilokuwa tunaishi?"

Kasiano alichukua kijiti akaanza kupiga hesabu mavumbini. Mpaka leo anapiga, na wala si mjinga.

Basi nijibuni ninyi mnaojua hesabu: kati ya ndugu hawa wawili nani alikopa na nani alilipa, na huyo wa tatu aliyewapa wote mkono, yeye alitoa nini mfukoni mwake?