Ungo Uliotazama Chini

Mitungi mingi si visima vingi. Ndivyo baba yenu alivyowajibu asubuhi, mlipokuja na simu zenu mkitaka bibi aache vidonge vya presha anywe maji ya majani, eti kwa kuwa kila mtu amewatumia habari hiyo. Mkauliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni chini. Si ya kale kama mnavyodhani, wala si ya kuchekesha. Ilianza hivi.

Kijiji cha Kwetonge, huko milimani, wanawake wana ngoma ya ungo. Mtoto mchanga akitolewa nje kwa mara ya kwanza, huicheza wameshika nyungo zikitazama juu, kama watu wanaopokea nafaka. Mtu akifa, huicheza ngoma ile ile kwa hatua zile zile, lakini nyungo hutazama chini. Nafaka imemwagika, hakuna cha kupokea. Kila mtu wa pale anajua hivyo, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayelisema.

Akaja Mwalimu Eline, binti aliyetoka chuo cha sanaa, kufundisha ngoma katika shule ya kijiji. Alikuwa mgeni na lugha ya pale haijui. Mkuu wa shule, Mwalimu Mshana, naye mgeni, hakumficha.

"Wazazi wanasema ngoma inakula muda wa hesabu," alimwambia. "Ngoma yako ya kwanza wakiipenda, utabaki. Wasipoipenda, funga mizigo."

Nyumba iliyopakana na uwanja wa shule ilikuwa ya Bi Namkunda. Mama huyo aliwahi kumzika binti yake, Mbonea, na tangu hapo nyumba ilikuwa imenyamaza. Sasa Nasemba, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku ya kumtoa nje ilikuwa inakaribia. Eline akaona hapo ndipo pa kuanzia. Wasichana wake wangecheza ngoma ya ungo siku hiyo, iwe zawadi ambayo familia haikuitegemea. Kwa hiyo nyumba ile hakuiuliza chochote, na mazoezi aliyafanya darasani, madirisha yamefungwa, watoto wameonywa wasiseme nyumbani.

Msidhani alikuwa mvivu. Aliuliza kweli kweli. Rafiki yake wa chuo, Tusekile, alimtumia video ya wanawake wakiicheza ngoma hiyo. Alishuka mjini kwa Bwana Kirumbe, ambaye kikundi chake hucheza hotelini, naye akamwonyesha kwa mikono yake. Alimwuliza ofisa utamaduni mmoja. Aliuliza kwenye kundi la simu la walimu wa ngoma. Wote walimjibu jambo moja, kwamba ungo hutazama chini.

Mtu mmoja tu alipinga. Nakijwa, msichana wa darasa la tatu, aliinua mkono katikati ya mazoezi.

"Mwalimu, mbona tumezifunika? Kwetu wakimtoa mtoto, ungo hutazama juu."

"Una hakika?"

"Nilimwona mama."

Eline akasita. Kisima cha kijiji kilikuwa chini tu ya shule, na wanawake waliojaa pale wangemjibu kabla ndoo haijajaa. Lakini zawadi ingevuja. Akampigia Tusekile.

"Shoga, unaniangusha," Tusekile akacheka. "Mimi nimekwambia chini, Kirumbe chini, ofisa chini, kundi zima chini. Na wewe unamsikiliza nani? Darasa la tatu!"

Eline naye akacheka. Akapima: upande huu watu wazima wengi wanaokubaliana, upande ule mtoto mmoja. Mizani ikalala palipokuwa na wengi. Kesho yake akamwambia Nakijwa ageuze ungo wake kama wenzake, na Nakijwa, mtoto mwenye adabu, akaugeuza.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Nasemba akatoka na mtoto kifuani, amevaa kitenge kipya, wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo wasichana wakaingia kwa mstari, ngoma ikalia, nyungo zikainuliwa, zote zikitazama chini.

Vigelegele vilikatika. Nasemba alimfunika mtoto uso kwa kitenge, akageuka, akaingia ndani. Wasichana, wasiojua la kufanya, waliendelea kucheza. Bi Namkunda aliinuka, akaenda kwa Nakijwa aliyekuwa mbele, akaushika ungo na kuugeuza ukatazama juu. Mpigaji ngoma akaacha.

"Mwalimu," Bi Namkunda alisema, "huyu mtoto unamzika?"

"Bibi, shikamoo... samahani, mimi..."

"Nani kakwambia tucheze hivi leo?"

"Watu wengi, bibi. Wote wamesema hivyo. Video ipo, tazama mwenyewe."

Eline akampa simu. Bi Namkunda aliitazama, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama tena.

"Huyu wa mbele ni mimi," alisema. "Hapa tunamzika Mbonea. Jeneza liko upande huu, aliyepiga video hakulionyesha." Akamrudishia simu. "Hao watu wako wengi, wao walimwuliza nani?"

Watu wakaanza kuondoka, na vyungu vya pilau havijaguswa.

Eline alipofika chumbani kwake aliwapigia mmoja mmoja. Bwana Kirumbe alikiri kwamba alijifunza ngoma hiyo kutoka video ile ile. Huko Kwetonge hajawahi kufika. Ofisa alikuwa ameiona kwa kikundi cha Kirumbe. Walimu wa kundini waliambiwa na ofisa kwenye semina. Tusekile naye video aliipata kundini humo humo.

Asubuhi alimkuta Bi Namkunda kisimani na kumweleza yote, akilia. Bi Namkunda aliendelea kuvuta kamba mpaka ndoo ikafika juu.

"Basi hukuuliza watu wengi, mwanangu," alisema. "Ulichota kisima kimoja kwa mitungi mingi. Na kisima chenyewe kilikuwa msiba wangu."

Hakumfokea. Aliinua ndoo yake, akaondoka.

Huenda mambo yangeishia hapo. Watu husamehe wageni. Lakini kabla mwezi haujaandama tena, mtoto wa Nasemba akashikwa na homa. Walimpeleka zahanati, wakamrudisha amefunikwa.

Nisikilizeni vizuri. Ungo hauui mtoto. Homa ndiyo iliyomwua, na mganga wa zahanati alisema hivyo. Bi Namkunda mwenyewe alisema hivyo mbele za watu, na Mwalimu Eline hakufukuzwa. Lakini nendeni mkamwambie hivyo mama aliyeona mwanawe akichezewa ngoma ya kuzikwa siku ya kwanza aliyoliona jua.

Eline alikwenda msibani. Alikaa nyuma kabisa, kwenye mkeka, kichwa amekifunika. Wanawake wakaingia, ngoma ikalia, nyungo zikatazama chini. Alizijua hatua zote. Zilikuwa zile zile alizowafundisha watoto, na mikono ilikaa vile vile. Video haikuwa imedanganya hata kidogo. Kwa siku kama hiyo, ilikuwa sahihi.

Bado anafundisha pale, lakini si ngoma ya ungo. Wazazi hawakumkataza, ila hakuna msichana anayekubali kushika ungo mbele yake. Humwamkia Nasemba kila anapopita, na Nasemba hutazama kando. Maneno aliyoyasema Bi Namkunda kisimani yalisikiwa na wanawake waliokuwa kwenye foleni. Wakayafupisha, wakayachukua masokoni, mpaka yakatufikia huku.

Sasa leteni hizo simu. Kila aliyewatumia habari ya majani mpigieni, mmwulize yeye aliambiwa na nani, na huyo naye aliambiwa na nani. Mkimaliza, nendeni kwa daktari aliyempima bibi yenu. Vidonge vyake viacheni palepale vilipo.

Mitungi mingi si visima vingi.