Sakafu ya Dhiraa Moja

Palikuwa na Sultani mmoja mrefu, na juu ya urefu wake akavaa kilemba kirefu. Hakuwa mtu mbaya. Ila tangu aachishwe ziwa hakuwahi kuambiwa hapana.

Sultani huyu alirithi jumba la mawe la babu yake, akataka kuligeuza nyumba ya sanaa za kisasa, wageni waje watazame picha zisizo na kichwa wala miguu. Sakafu ya zamani ilikuwa ya chokaa, haifai kutobolewa, na nyaya za taa hazikuwa na pa kupita. Ikatakiwa sakafu ya pili, ya mbao, isimame kwa miguu yake juu ya ile ya kwanza, ianzie pale pale mlangoni. Akaitwa Mwanakombo, seremala mjane aliyesifiwa mikono na kulaaniwa mdomo.

Mwanakombo akasema nyaya zinatosheka na kimo cha shibiri moja. Sultani akasema Sultani wa mji wa pili anayo ya shibiri. Yake iwe dhiraa nzima, kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Mtukufu, sakafu ikipanda, mlango unashuka."

"Mlango usiguswe. Aliuchonga babu yangu."

"Basi kuna kichwa kitainama."

"Kichwa cha nani?"

"Kilicho juu kuliko vingine."

Sultani akamtazama kama mtu anayetazama inzi kwenye mchuzi. "Mimi siinami, Mwanakombo. Siku nitakayoinama mlangoni pale, wewe unahama mji huu. Na ukikataa kazi, unahama leo."

Mwanakombo akaifikiria nyumba aliyozaliwa, kisima chake, na majirani aliokwisha kuzoea kugombana nao. Akachukua msumeno.

Siku ya ufunguzi wageni walitangulia ndani, naye Mwanakombo kati yao. Ndivyo desturi ilivyokuwa: Sultani huingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, na hakuna mguu unaothubutu kuutangulia mguu wake nje. Wote wakakaza macho mlangoni.

Sultani akaja, akapanda, kilemba kikagonga boriti ya mlango. Akarudi nyuma. Akajaribu kupita ubavu, lakini ubavu haupunguzi urefu. Mwisho akakunjika kiunoni, akaingia kilemba mbele kama beberu anayetafuta ugomvi. Wageni, kwa kukosa la kufanya, wakapiga makofi. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa kunong'ona kama hiyo nayo ni sanaa.

Sultani akanyooka, anahema.

"Mwanakombo."

"Labeka, Mtukufu."

"Nimeinama, sikuinama?"

"Umemwinamia babu yako. Mlango ni wake."

"Nilikwambia nini?"

"Kwamba nitahama."

"Basi toka. Sasa hivi, watu wote wakikuona."

Mwanakombo akajitanda mtandio wake vizuri, akaenda hadi mlangoni, akasimama kando. Sultani akamgeukia.

"Unangoja nini?"

"Nakungoja wewe, Mtukufu. Desturi yako hainiruhusu kutoka kabla yako." Akaitazama boriti, kisha akawatazama wageni waliojaa nyuma ya mgongo wa Sultani. "Tangulia. Ulipoingia tulikiona kilemba."