Fimbo ya Ndiva

Mfano huu aliutoa kwanza mwinjilisti Elinihaki Sekiete, Sikukuu ya Mavuno ya mwaka 1974, katika kanisa letu la mlimani, Upare. Juma lile vijana wawili waliorudi kutoka chuoni walikuwa wamebishana mbele ya watu. Mmoja alisema sayansi ikishapima vitu, basi metafizikia, yaani fani ya kuuliza vitu ni nini na vinasimama juu ya nini, haina kazi tena. Mwinjilisti hakuingia katika ubishi. Alingoja Jumapili, akasimama, na bila kulitazama benchi walilokaa wenyewe, akasema:

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili, Nakijwa na mdogo wake Mbonea. Alipokufa aliwaachia ulinzi wa ndiva, lile bwawa ambamo maji ya chemchemi hulala usiku ili asubuhi yafunguliwe, yashuke kwa mfereji hadi mashambani.

Mwanzoni Nakijwa ndiye aliyeamua. Aliketi penye jicho la chemchemi akiuliza maji yanatoka wapi na kwa nini yanarudi. Kwa kuwa alijua kuuliza, alidhani anajua pia kujibu. Msimu mmoja alikuwa akiyatazama tu kwa macho na kusema yametosha. Hayakutosha. Shamba la Namsifu, lililo mwisho wa mfereji, lilikauka maharage yakiwa kwenye maua.

Ndipo Mbonea alipochonga fimbo. Aliisimamisha juu ya jiwe lililo kwenye sakafu ya bwawa, na pale maji yalipofika jioni ile ambayo kesho yake yalimfikia Namsifu, hapo ndipo alipotia alama. Tangu hapo, maji yakigusa alama, aliziba mlango wa kuingizia maji na kuyaacha mengine yaende bondeni. Ugomvi uliisha, maana fimbo haikumpendelea mtu. Watu walimpenda Mbonea, naye akaipenda fimbo, hata akamwambia dada yake kwamba kisichopimika kwa fimbo hakipo, na kwamba sasa apumzike nyumbani. Nakijwa aliyakumbuka yale maharage, akashuka nyumbani. Akakaa jikoni miaka mingi akipukuchua mahindi, na maswali yake akayaweka moyoni.

Kiangazi kimoja Namsifu alipanda hadi bwawani, majani makavu mkononi. "Mbonea, fimbo yako imeshiba, maharage yangu yana njaa."

Mbonea akaitumbukiza fimbo mbele ya macho yake. Maji yalikuwa palepale kwenye alama. Akamwambia, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba akazibe mfereji wake, huenda unavuja. Namsifu akaenda, akaukagua wote, akarudi mikono mitupu.

Mbonea hakuwa mtu mbaya. Alipomwona mama huyu anang'oa maharage ili awape mbuzi, chakula kilimshinda. Alipima akapima tena, na kila mara fimbo ilimpa haki, na haki ile ilimchoma. Mwishowe aliingia jikoni kwa dada yake, akakaa kwenye kigoda, fimbo magotini.

Nakijwa akaichukua. Hakuwahi kuishika. Akaipapasa taratibu kutoka juu mpaka chini, kidole chake kikakaa kwenye ncha, laini kama kokoto la mtoni.

"Mdogo wangu," akasema, "na fimbo yenyewe, huwa inapimwa na nani?"

Mbonea akaitazama ile ncha. Kila jioni aliigongesha juu ya jiwe, na kila jioni jiwe lilikula kidogo. Alama haikuwa imehama, ila fimbo ilikuwa imepungua chini yake, na maji yakapungua pamoja nayo. Akamwuliza dada yake imelika kiasi gani. Nakijwa akacheka, na macho yakamlowa. "Hilo silijui, baba. Niliwahi kukisia, na Namsifu akalala njaa. Kapime wewe."

Kesho yake Mbonea alimshika mkono, maana magoti ya dada yalikuwa yamechoka, wakapanda pamoja. Wakawa wanaacha maji yapite alama, leo kidogo, kesho zaidi. Asubuhi Mbonea alifungua bwawa, na Nakijwa akatembea polepole kandokando ya mfereji, sambamba na maji, aone yanaishia wapi. Siku moja Namsifu akapiga vigelegele kutoka chini. Ndipo ilipochongwa fimbo mpya, mdogo akikata, dada akishikilia upande wa pili.

Hapo mwinjilisti akauliza: "Wewe unayekiamini kipimo chako, mara ya mwisho ulimpa dada yako akipapase lini?"

Wale wa mfano walikuwa watu wa kwetu, tuliwajua. Elinihaki amekwisha fariki, na Namsifu pia. Mbonea tulimzika kwenye mwinuko ulio juu ya bwawa, mahali alipopataka mwenyewe. Nakijwa yu hai. Haoni tena, lakini kila msimu, kabla maji hayajafunguliwa, fimbo hupelekwa jikoni kwake, naye huishika ncha na kuuliza.