Kiboko Alivyokwepa Mkono wa Kwanza

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama watu waliokopeshwa sauti? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Ukuta.

Ukuta una nini?

Una ufa.

Na ndani ya ufa?

Sema wewe mwenye hadithi.

Haya. Ndani ya ufa mlikuwa na mayai mawili ya Bi Mjusi. Na ufa wenyewe ulikuwa sebuleni kwa Bwana Kiboko, mwenye mto, mwenye matope yote ya mto, mwenye tumbo linalotangulia mlangoni yeye akafuata baadaye.

Sasa, yai la mjusi hugandana na ukuta. Halibebeki, halihamishiki, mpaka lipasuke lenyewe. Kwa hiyo Bi Mjusi alipomsikia Kiboko akisema, "Nataka ukuta huu ukandikwe, nyufa zote zizibwe, maana wazee wanakuja kunichagua niwe jumbe," aliogopa sana. Msidhani mjanja haogopi.

Akaitwa Fundi Ngiri. Ngiri akagonga ukuta, ko ko ko. Akaukwaruza kwa pembe, akaona masizi.

"Mzee," akasema, "mawe haya ni ya mtoni, yanateleza, tena yana masizi ya jikoni kwako. Tuyakwangue, tuyamwagie maji. Halafu tupige mkono wa kwanza, udongo wenye mchanga na nyasi. Ukiwa bado mbichi tunauchora mikwaruzo, tunauacha ukauke. Mkono wa pili ndio wa kulainisha, unashika kwenye ile mikwaruzo."

"Huo mkono wa kwanza utaonekana?" akauliza Kiboko.

"Hauonekani, mzee. Unafunikwa."

"Basi una kazi gani?"

"Kuubeba wa pili."

Kiboko akaguna. Kule kwao, jamani, kukandika ni kazi ya ujima. Unaita majirani, wanakuja, nawe unapika. Mkono wa kwanza una chungu chake cha kande, na mkono wa pili una chungu chake. Asiyepika hakandikiwi.

Kiboko akainua macho darini. "Bi Mjusi, wewe umezaliwa ukutani. Huyu Ngiri anasema kweli?"

Bi Mjusi akafikiri. Mkono wa kwanza ukipigwa vizuri, wanawe hawatoki tena. Lakini akisema fundi mwongo, atashtukiwa. Basi akaamua kusema kweli, maana kweli nayo, ukijua pa kuikata, ni kisu.

"Kweli tupu, Bwana. Ila sijui una vyungu vingapi."

"Vyungu?"

"Mkono wa kwanza, chungu. Mkono wa pili, chungu. Na majirani zako nyumbu unawajua wakikaa kwenye kande."

Kiboko akameza mate, glu. "Na nikipiga mkono mmoja?"

"Chungu kimoja, Bwana."

"Na nikijipigia mwenyewe?"

Bi Mjusi akalamba jicho. "Chungu chote kinabaki chako."

"Na matope ya mtoni matupu, yanashika?"

"Yamekushika mgongoni tangu asubuhi, Bwana. Nani ameyaona yakianguka?"

Hapo hakuna uongo hata mmoja. Ngiri akafungua kinywa, Kiboko akamkatiza. "Nenda zako. Nyie watu wa mikono miwili ni walafi."

Kiboko akaenda mtoni, chubwi! Akarudi, akajisugua ukutani, fwaa. Akageuka, akalainisha kwa makalio, swii. Akaenda tena, chubwi! Akajisugua, fwaa. Akalainisha, swii. Akayapaka mazito kama godoro, kwa sababu mtu mkubwa hapaki kidogo. Mpaka ufa ukafunikwa.

Bi Mjusi akalia kimyakimya. Kama alikosea, wanawe wamezikwa wakiwa hai, na aliyewazika ni maneno yake.

Siku ya wageni ukuta uling'aa mpaka Tembo akajiona meno. Tembo akasema, "Ukuta huu ni wa jumbe." Nyati akasema, "Hasa, ni wa jumbe." Kifaru, ambaye haoni mbali, akasema, "Hata mimi nauona." Kiboko akaegemea ukuta wake, chungu mapajani, akila peke yake. Moto wa jikoni ukawaka, joto likapanda.

Krrr.

"Nini hicho?" akauliza Tembo.

"Ukuta unawaamkia wageni," akasema Kiboko, mdomo umejaa.

Krrr. Krrr. Bwaaaa!

Matope yote yakashuka kwa mkupuo, yakamfunika Kiboko, yakafunika chungu, yakawafika wazee magotini. Nyuma yake mawe yakabaki uchi na masizi yao. Ufa ukaonekana. Yai moja likafanya ta, kikatoka kichwa kidogo. La pili nalo, ta. Bi Mjusi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Lakini wazee walikuwa wamenuna, na Kiboko aliyekosa ujumbe angetafuta wa kumkanyaga. Bi Mjusi akakohoa. "Wazee, mbona mnashangaa? Ukuta wa jumbe huvuliwa mbele ya wageni. Unaokaa umevaa ni wa watu wa kawaida."

Matope yakatikisika.

"Ndivyo," akasema Kiboko kutoka ndani ya matope.

"Tulijua," akasema Tembo.

"Tulijua sana," akasema Nyati.

Kiboko akapewa ujumbe. Na wazee wakarudi makwao mbiombio kuvua kuta zao. Bahati mbaya zao zilikuwa na mkono wa kwanza, haziachi udongo, ikabidi wamwite Fundi Ngiri azibandue, wakampikia chungu juu ya chungu mpaka akanenepa shingo. Nyufa zikafunguka nchi nzima. Ndiyo sababu mpaka leo mjusi hapigi hodi nyumbani kwa mtu.

Funzo lake, wanangu? Mkubwa hakosei, matope ndiyo hayana adabu. Na ukiombwa ushauri, sema kweli daima, kama Bi Mjusi.

Nimefika mwisho wangu. Aliyecheka aende na kicheko chake, aliyesinzia kesho asiniulize ilikuwaje.