Fisi na Kisahani cha Makongoro

Sogeeni karibu, na atakayesinzia asije kesho kuniuliza mwisho wake. Mwaka mmoja kiangazi kilikaza mpaka mito ikabaki mchanga na majani yakaisha, ikabaki miiba. Wanyama wakawa wanachimba mizizi humo humo miibani, wakachomwa, na kila kidonda kikatunga usaha. Hata Simba, kwa kiburi chake, alitembea kwa miguu mitatu na kudai eti ndivyo anavyopenda.

Sungura mjanja akaona tikiti lililooza limeota ukungu wa kijani. Akapata dawa kwenye ukungu ule, akaichanganya na asali ili inyweke. Kila mgonjwa alipewa kibuyu chake na agizo moja: anywe mpaka kiishe, hata akijiona amepona.

Fisi naye akaja, taya limevimba. Jino lake la kuvunjia mifupa lilikuwa limeoza, na fisi asiyevunja mifupa ataishi kwa nini?

"Mpwa wangu, nisaidie, nitakufa na njaa!"

"Kunywa hii, mjomba. Vijidudu vinavyokutafuna fizi vina kuta, kila kimoja na ukuta wake. Kikitaka kukua, sharti kijenge. Dawa hii humshika fundi mikono, tofali lisishikane na tofali. Ukuta unalegea, maji yanaingia, kijidudu kinapasuka pwaa! Wewe mwilini mwako huna ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo usiogope."

"Pwaa!" Fisi akacheka, akaenda zake.

Maumivu yalipotulia, alitikisa kibuyu akasikia bado dawa ni nyingi. "Niimalize yote hii na nimeshapona? Mimi mjinga?" Akaanza kuwapa wenzake kwa mifupa, funda moja mfupa mmoja. Nyani, Ngiri na Swala wakanywa funda mojamoja, wakapata nafuu, wakamshukuru sana. Pango la Fisi likajaa mifupa.

Basi taya likavimba upya, kubwa kuliko mwanzo. Mifupa tele, na hawezi kuuma hata mmoja! Akanywa dawa iliyobaki, wapi! Akamkimbilia Sungura, akamkuta na Simba, ambaye mguu wake ulikuwa unakauka vizuri.

"Dawa yako feki!" Fisi akafoka. "Nimeimaliza yote, tone kwa tone!"

"Yawezekana ni mbovu," Sungura akasema kwa upole. "Tupime."

Akachemsha makongoro ya nyati, akamimina supu kwenye visahani viwili, ikaganda. Kimoja akakipaka usaha wa Simba, cha pili akakipaka mate ya Fisi. Katikati ya kila kimoja akaweka kitambaa kidogo kilicholowa dawa.

"Vijidudu vitaota utando juu ya supu," alieleza. "Dawa ikiviweza, patabaki duara safi kuzunguka kitambaa. Visipojali, vitaota mpaka kwenye kitambaa chenyewe. Hivyo ndivyo vijidudu sugu, na mara nyingi mlezi wao ni yule aliyeacha dawa katikati."

"Na nikimpata mlezi huyo," Simba akanguruma, "tutaonana."

Kesho yake Sungura na Simba walipokwenda kisimani, Fisi akachungulia. Kisahani cha Simba kilikuwa na duara safi. Chake, lahaula! Utando ulitoka ukingoni mpaka kitambaani.

"Kumbe ni duara tu linalotakiwa," akajisemea. "Duara nitalitengeneza mwenyewe." Akatoa ulimi, akalamba kuzunguka kitambaa. Loo, supu ilikuwa tamu! Akalamba mzunguko wa pili wa kuhakikisha, na wa tatu kwa utamu wake.

Sungura aliporudi akakitazama kisahani, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Mjomba, dawa yangu inaua vijidudu. Hailambi makongoro!"

Simba akainama. Kwenye kisahani chake duara lilikuwa safi na supu imo yote. Kwenye cha Fisi, duara lilifika mpaka kwenye udongo wa kisahani, na masharubu ya mwenyewe yanang'aa mafuta.

"Uliimaliza, hukuimaliza?" Simba akamuuliza.

Fisi akatapika yote: kibuyu, mafunda, mifupa, Nyani, Ngiri na Swala.

Sungura akaacha kucheka. "Katika vijidudu vile vimo vichache vyenye mikasi. Dawa ikija, vinaikata. Ungemaliza, mwili wako ungevimudu hivyo vichache. Umeviachia vikazaana, sasa taya lako ni kijiji chao. Na wale uliowapa funda mojamoja sijui nao wana nini midomoni."

Fisi akalia machozi ya kweli. "Nitakufa, mpwa wangu?"

"Hufi. Jino nitaling'oa. Na dawa nyingine ipo, chungu kama shubiri, haina asali hata chembe. Utainywa mbele ya Simba mpaka mwisho."

"Na mifupa yangu?"

"Hiyo tunaichemsha leo. Tunahitaji visahani vya kuwapimia wenzako wote, na mkorogaji wa chungu ni wewe."

Basi Fisi akakoroga, pengo mdomoni, mvuke wa mifupa yake mwenyewe ukimwingia puani. Kila ulimi ulipochungulia nje, Simba alikohoa nyuma yake, nao ukarudi ndani. Wenzake wakampa jina la Sugu, na jina hilo likamganda kuliko supu yoyote aliyoikoroga.